Sabuni Iliyovuka Mpaka

Neema, wewe na wenzako mmeniomba niandike "kitu kidogo" juu ya miaka yangu ya usine, kiwanda chetu cha sabuni, kabla sijasahau. Kwanza, sijasahau kitu. Pili, mtu aliyepika sabuni maisha yake yote hajui kufanya kitu kidogo. Kwetu siye, kidogo kabisa ni chungu kizima. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, maana ndio huohuo mnaopata. Nitawaeleza habari za ulimi wangu, na za ule mwiko mrefu unaotundikwa nyuma ya mlango wa depo, na za mzee aliyeuchonga.

Nilifika usine hapa Bunia nikiwa binti, nimevaa kikwembe cha mama yangu, viatu vya kuazima. Kwa kuwa masista walinifundisha mwandiko mzuri, nilidhani nitapelekwa bureau, ofisini. Wakanipeleka kwenye chungu. Mnakijua: chuma kitupu, kipana kama chumba cha kulala, kimezungushiwa matofali, kuni zinawaka chini. Mafuta ya mawese yalikuwa yanatokota ndani. Juu ya jukwaa la mbao alisimama mwanaume mwembamba, anakoroga kwa mwiko uliompita yeye mwenyewe urefu. Huyo ndiye Muzee Gaspari, mpishi mkuu wa sabuni. Hakunisalimia. Alichota tone kwa ncha ya mwiko, akaliacha lipoe, akaninyooshea.

"Lamba."

"Muzee, hii si sabuni?"

"Njo sabuni. Ulifikiri tunapika sombe hapa? Lamba."

Nikalamba. Yesu na Maria! Nilikimbilia bomba ulimi uko nje, na usine nzima ikashika mbavu kwa kicheko. Niliporudi machozi yananitoka, Muzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Imekuuma?"

"Imeniuma, Muzee."

"Vizuri. Soda iko mingi bado. Kesho utalamba tena."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sikupewa karatasi yoyote siku ile, nilipewa malengelenge.

Ninyi mna vikaratasi vyenu vya kupimia soda, vinavyobadilika rangi, na mimi sivipingi. Zamani tulikuwa na ulimi. Sabuni ni mafuta na soda. Soda ikizidi, inakula mikono ya mama za watu. Ikipungua, mafuta yanabaki, na nguo inanuka mawese mpaka kanisani. Katikati kuna nafasi ndogo sana, na ulimi ndio unaoijua. Mwanzoni tone linauma kama pilipili, baadaye kama ndimu, halafu linanyamaza. "Ngoja inyamaze," Muzee alikuwa anatuambia. Ikishanyamaza, alisimamisha mwiko, akatutazama wote mmoja mmoja, akasema neno moja tu: "Imeiva." Hapo Papa Etienne wa moto alivuta kuni nje, na kazi ya kumimina kwenye visanduku ikaanza.

Neno lile hakuna mwingine aliyelisema. Siku moja patron mwenyewe, mwenye usine, baba yake huyu Kambale anayewalipa sasa, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na haraka zake zote, alikuja mbio kwa sababu lori lilikuwa linamngoja. Akauliza, "Gaspari, si imeiva?" Muzee akashuka jukwaani taratibu, akamkabidhi mwiko. "Bon, patron. Kama imeiva, endelea." Patron akautazama mwiko, akatutazama siye, akarudi bureau. Lori likangoja.

Na Muzee alikuwa na mkono wake. Mnajua wanawake wawili wanaweza kuchuma sombe, majani ya mihogo, shamba moja, wakapika kwa mafuta mamoja, na bado ukionja unajua hii ni ya nani. Sabuni ya Muzee ilikuwa hivyo. Baada ya kunyamaza, ilikuachia kitu kidogo nyuma ya ulimi, utamu mdogo sana, mfano wa maji yaliyochemshwa na majani ya citronelle, mchaichai. Nilimuuliza anaweka nini. Akasema haweki kitu, anatoa moto mapema kidogo tu. Nilitoa moto mapema kidogo miaka mingi, sikuupata utamu ule.

Mwiko wake aliuchonga kwa mbao ngumu ya Mambasa, zamani akikaa kule msituni kwa kazi ya misumeno. Ulikuwa umechemka kwenye sabuni mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Jioni aliutundika mwenyewe. Mtu mwingine akiugusa, aliuliza tu, "Weye unatafuta nini?" na ulijiona mwizi.

Vita sitawasimulia. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wawaulize wazazi wao siku wazazi wakiwa na nguvu. Nitasema hili moja: mtoto wa Muzee, mwanaume mzima, kijana mpole aliyekuwa anakata sabuni kwa waya, aliuawa njiani kati ya nyumba yao na usine. Kaburi lake halikujulikana. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimejificha depo na wengine, tukasikia mlango unasukumwa. Alikuwa Muzee. Hakutazama mtu. Alitundua mwiko wake, akauweka begani.

Nikamwambia, "Muzee, unabeba nini? Beba sufuria! Beba blanketi!"

"Sufuria iko kila fasi," alisema. Akatoka, akashika njia ya Mahagi, mwiko begani, kama mtu anayekwenda shamba. Nilimtazama kupitia ufa wa mlango mpaka akapotea. Ufa ule ulikuwa mwembamba, na bado ninaona kila kitu.

Walioiba waliiba vizuri. Walibeba groupe, jenereta ya umeme, mashine ya kukatia, mabati, milango, mpaka bawaba za milango. Chungu kiliwashinda. Walikifunga kamba, kamba ikakatika, wakakitukana, wakaenda zao. Mvua ikakijaza. Watu waliokimbia vijiji vyao wakaja kupiga hema uani, wakawa wanachota maji humo kufulia nguo.

Halafu ikaja ile amani ya kulala na viatu. Bunduki zilinyamaza mjini, lakini hakuna aliyefungua mizigo yake yote. Mimi nilikuwa na meza sokoni, marché central, kando ya Mama Adele, muuzaji mwenzangu mwenye mdomo usiojua likizo. Tuliuza nini? Sabuni. Sabuni kutoka wapi? Uganda! Na uchungu wangu ulikuwa huu: kila juma niliona mapipa ya mawese ya Mambasa yanapita Bunia hayasimami, yanakwenda Aru, yanavuka mpaka. Baadaye yanarudi yamekuwa sabuni, yamefungwa karatasi nzuri, na siye tunayauza tukisema asante.

"Mafuta yetu yanakwenda kusoma Uganda," Mama Adele alikuwa anasema, "na ikirudi haitusalimii tena."

Mimi kila sabuni mpya iliyofika niliilamba. Mazoea. Wanawake sokoni walicheka mpaka wakazoea. "Mama Vero, njaa gani hiyo?" Niliwajibu kwamba wao wanalamba vidole baada ya ugali, nani amewauliza? Nyingi zilikuwa sabuni tu, zimepikwa na mashine na haraka.

Siku moja lori la Aru likashusha sabuni za manjano, ndefu, zisizo na jina. Nikachukua kipande, nikagusa kwa ulimi. Haikuuma. Nikangoja. Halafu ikaja, nyuma ya ulimi, pole pole: citronelle.

Nilikaa chini. Mama Adele akafikiri nimekula sumu. "Vero! Vero, uko na nini?"

"Iko muzima," nilimwambia. "Adele, muzee wangu iko muzima. Iko anapika."

Nililia hapo, mbele ya wateja, na sikuona haya. Kipande kile sikukiuza. Nilikiweka chini ya mto wangu, na kila usiku chumba changu kilinuka usine.

Ni wakati huo Kambale alipokuja. Baba yake alikuwa amefariki, na yeye alitaka kuwasha moto tena pale pale. Watu wa Bunia walimwona kichaa. Mbona upike kitu ambacho lori linakuletea kimepikwa? Yeye alijibu hivi, nilimsikia kwa masikio yangu: "Na vijana ya hapa batafanya nini? Bote bakalinde barrière ya njiani?" Akanikuta mezani kwangu.

"Mama Vero, bila Muzee tutaweza?"

"Hatutaweza," nilisema. Mnisamehe, ndivyo nilivyoamini.

"Na yeye iko wapi?"

Nikampa sabuni ya manjano. "Iko ndani ya hii. Tufuate njia yake."

Nilisafiri na lori lililoleta sabuni ile, na dereva wake, Bosco, mtu wa maneno machache na honi nyingi. Mkono mtupu haulambwi: nilibeba maharage, na samaki wakavu wa Kasenyi ambao lori zima lilinilaani kwa ajili yao. Vizuizi vya njiani sitavihesabu. Tulifika Aru, nikavuka mpaka kwa miguu, nikafuata harufu. Nyuma ya soko la upande wa pili kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani chungu kidogo, karibu aibu kukiita chungu. Juu ya jukwaa alisimama Muzee Gaspari, nywele nyeupe pe, na mwiko uleule.

Aliniona. Hakunisalimia. Alichota tone, akaliacha lipoe, akaninyooshea.

"Lamba."

Nikalamba, machozi yananishuka mpaka shingoni.

"Imekuuma?"

"Hapana, Muzee. Imenyamaza."

"Sasa unalia nini?"

Tulikula samaki wale pamoja. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya watu. "Chungu iko?"

"Iko. Ata mlango haina, lakini chungu iko."

Akacheka, nikaona meno mengi yamekwenda. Ndipo nikamwambia kilichonileta: Kambale anataka kupika, vijana hawana kazi, mafuta yetu yanatukimbia kila juma, rudi nyumbani, Muzee. Akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Vero, ile njia ya kwangu mpaka usine. Mutoto wangu alilala pale. Nitapitia wapi?"

"Tutakutafutia nyumba upande ingine. Utakaa kwangu!"

Alitazama mwiko wake, si mimi. "Pikeni kwanza. Ikiwa sabuni, unitumie kipande. Nikilamba nitajua kama munaniita, ao munalia tu."

Mwenye hamu husikia anachotaka. Mimi nilisikia: atakuja. Nilirudi nikimwambia Kambale hivyo, tena kwa sauti kubwa. Nikasafisha chumba cha nyuma kwangu, nikakipaka chokaa, nikanunua godoro na beseni jipya la kuogea. Mama Adele akaniuliza kama naolewa.

Chungu cha kwanza kilikuwa sikukuu. Padri alibariki, watu wa mtaa wakasimama uani, akina mama waliofukuzwa vijijini wakaimba. Siye wapishi wa zamani tulipanda jukwaani: mimi, Papa Etienne wa moto, na wenzetu wachache waliosalia. Mafuta yakachemka, tukamimina soda, tukakoroga kwa ubao wa kawaida. Nikalamba: pilipili. Nikalamba tena: ndimu. Baada ya muda nikalamba, na ilikuwa imenyamaza.

Nikamtazama Etienne. Naye akalamba, akanitazama. Wengine wakalamba. Kila mmoja wetu alijua. Na kila mmoja alikuwa anamngoja mtu aseme lile neno, na mtu huyo alikuwa ng'ambo ya Aru.

"Labda bado kidogo," mmoja akasema.

"Ee, labda kidogo," nikasema mimi.

Tukaongeza moto. Tukaongeza maji, maana ilianza kuwa nzito, na soda kidogo, maana tuliongeza maji. Tukalamba tena, ikawa imerudi kuuma. Tukapika mpaka jua likainama, wapishi wazima, wenye ndimi zinazojua kila kitu, na hakuna aliyethubutu. Tulipomimina, ilikuwa jiwe. Waya ulikatika tulipojaribu kuigawa. Mama mmoja aliomba kipande cha kuegemezea mlango, akapewa.

Mjini walicheka wiki nzima. Wachuuzi wa sabuni za Uganda walinipigia makofi nikipita. Kambale hakucheka wala hakugomba. Alisema mafuta yaliyobaki yanatosha chungu kimoja, na kikiharibika, atafunga na kurudi Butembo. "Nenda umulete Muzee sasa," aliniambia.

Nikamjibu, "Hatakuya kabla ya kulamba. Na hatalamba kama hatupiki."

Mara ya pili hapakuwa na padri wala nyimbo. Nilipanda jukwaani, nikashika ubao. Mafuta, soda. Pilipili. Ndimu. Nikawaza chumba changu cha chokaa, na godoro ambalo hakuna aliyelilalia. Nikalamba. Kimya.

Etienne alikuwa ameshika koleo lake, ananitazama kama zamani alivyomtazama Muzee. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya binti mwenye viatu vya kuazima.

"Imeiva."

"Umesema nini?" Etienne akauliza. Alisikia vizuri tu, mtu yule.

"Nimesema imeiva! Toa moto, Etienne, ao nikutoe weye!"

Akavuta kuni nje huku anacheka na kulia. Sabuni ile ilikuwa sabuni. Haikuwa na utamu wa Muzee, nilijua, lakini ilikuwa safi, na wanawake wa marché waliponusa walinyamaza. Kipande cha kwanza nilikifunga kwa jani la mgomba, nikampa Bosco ampelekee Muzee.

Halafu nikangoja. Kila lori la Aru lilipoingia nilikuwa nimesimama pale linaposhushia, nimejitengeneza kama mtu wa arusi. Nilitazama nani anashuka. Walishuka mbuzi, wafanyabiashara, askari, wanafunzi. Nilinunua sukari kwa sababu alipenda chai tamu. Sukari ikaingia sisimizi, nikanunua nyingine.

Siku Bosco aliporudi, aliniona, na hakupiga honi. Alipanda juu ya mzigo, akashusha kitu kirefu kilichofungwa kwa kikwembe cha zamani. Nilikijua kabla hakijagusa ardhi.

"Muzee amesema nikupatie hii."

"Na yeye?"

Bosco akatikisa kichwa. "Alilamba ile sabuni yako. Akafunga macho kidogo. Akaenda kuleta mwiko."

"Hakusema neno? Ata moja?"

"Nilimuuliza, Mama. Nikasema, nimwambie nini? Akasema: neno iko nayo yeye."

Niliuchukua mwiko, nikauweka begani, nikatembea nao mpaka usine. Watu walinipisha njiani. Nilikuwa na hasira naye, Neema, nisikufiche. Nilitaka mtu, nikaletewa mti. Lakini kesho yake nilikoroga nao, na jioni niliutundika nyuma ya mlango, na mwenzenu mmoja alipougusa nilijisikia nauliza, "Weye unatafuta nini?"

Mengine mnayajua. Sabuni yetu ilishika soko, mapipa ya Mambasa yakaanza kusimama Bunia, vijana wakapata kazi ya kulalamikia. Soda bado inatoka Uganda, lakini msiwaambie wanasiasa, wameshahutubia. Chumba changu cha nyuma nilikipangisha kwa mwalimu.

Na mnalijua lile lililowachekesha: kwamba mimi, mpishi mkuu, kila juma nilikwenda kwa Mama Adele kununua kipande kimoja cha sabuni ya manjano ya Uganda. "Mama Vero anatusaliti!" mlikuwa mnasema. Niliwaacha mcheke. Muzee alikuwa amechonga mwiko mwingine huko. Nilikuwa nakwenda kumjulia hali. Nililamba nikiwa nimesimama pale pale mezani, nikangoja, ikaja citronelle, nikarudi nyumbani nimeshiba. Hatukuandikiana, hatukupigiana simu. Alikuwa mzima, na mimi nilijua.

Mpaka juma lile la mvua. Nililamba, haikuuma. Nikangoja. Nikangoja sana, Adele akaacha kuongea, jambo ambalo sijaliona tena. Nikalamba kipande kingine, na kingine. Ilikuwa sabuni nzuri. Ilikuwa sabuni tu.

Bosco alileta habari baadaye, amevua kofia, na nikamwambia, "Najua, kaka. Pole na njia."

Asubuhi iliyofuata ile habari tulikuwa na chungu, wewe ulikuwepo, Neema. Ulidhani naumwa. Nilikoroga, nikalamba, na ilikuwa imenyamaza, na neno halikutoka. Nilifungua mdomo, hakuna. Moto unawaka, wote mnanitazama, na mimi nimeshika mwiko wa marehemu, nikaona tunarudi kwenye lile jiwe la kwanza. Wewe ukapanda jukwaani bila kuitwa. Ukachovya kidole, ukalamba, ukanishika mkono juu ya mwiko.

"Mama," ulisema, "imeiva."

Wakavuta kuni. Na mimi, kwa kuwa ulikuwa umelamba kidole chako na si ncha ya mwiko, nilitaka kukugombeza, na sikuweza. Nilichovya mahali ulipochovya, nikalamba tena, nikafunga macho. Ilikuja, nyuma kabisa ya ulimi, pole pole: citronelle.

Barua ya bureau ya kunistaafisha ilikuja miezi baadaye, na ninyi mkashangaa kwamba sikulia. Nilikuwa nimekwisha kulia siku ile, mkafikiri ni moshi.